Mita 60 na Kiwanja cha Waqfu



Barua ya kwanza niliyoiandika kwa niaba ya kamati ya msikiti wetu, hapa Mugango, ilikuwa ya kurasa mbili. Nilieleza fadhila za elimu, hali ya watoto wanaosomea chini ya mwembe, na haja ya kujenga madrasa yenye maduka manne mbele, ili kodi yake iwalipe walimu. Nilijivunia barua hiyo. Ilirudi baada ya wiki tatu, pembeni imeandikwa kwa kalamu: "Vielelezo viko wapi?"

Baadhi ya wajumbe waliona tunaonewa. Nakiri kwamba nami nilikuwa miongoni mwao. Kisha nikakumbuka jambo la awali tulilosomeshwa chuoni katika mlango wa hukumu: mwenye kudai ndiye aletaye bayina. Aombaye kibali anadai kwamba ardhi ni yake, kwamba matumizi anayoyataka yanaafiki mpango wa eneo, na kwamba jengo halitamdhuru jirani wala mazingira. Kila dai lina ushahidi wake, na kheri ya mradi si ushahidi wa hata moja kati ya hayo.

Tukaanza na milki. Mzee aliyeweka waqfu alitamka mbele ya watu, lakini matamshi hayaingii katika faili. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeikabidhi Halmashauri ya Kijiji usimamizi wa ardhi, nayo haigawi ardhi pasipo idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji. Tukatafuta mihtasari, tukawaendea warithi wote, hata binti aliyeolewa mbali, wakatia saini. Aonaye kuwa huo ni urasimu mtupu na akumbuke kwamba Mtume (s.a.w.), alipotaka kujenga msikiti Madina, hakukubali kukipokea bure kiwanja cha mayatima wawili, Sahl na Suhayl.

Kuhusu matumizi, wengi wetu hudhani mipango ni shida ya watu wa Musoma mjini, wanaobanwa na Sheria ya Mipangomiji ya mwaka 2007. Mwaka huohuo ilitungwa pia Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi, nayo inavifikia vijiji. Mpango wa eneo letu umeandika makazi. Maduka ni biashara. Ilibidi tuyaombee maduka peke yake, kwa sababu zake.

Lililotutoa jasho ni ziwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Tulipima kwa utepe wakati wa kiangazi, tukapata mita 71, tukashukuru. Mvuvi mmoja mzee aliyekuwa akishona nyavu akatuuliza tumeanzia wapi. Akainuka, akatuonyesha jiwe ambalo maji yalilifikia mwaka 2020, Ziwa Victoria lilipofurika kwa kiasi kisichoonekana tangu miaka ya 1960. Kutoka kwenye jiwe lile hadi ukuta wa maduka zilikuwa mita 52. Mjumbe mmoja alishauri tuandike 71, maana hakuna atakayekuja kupima. Mwenyekiti akamtazama tu, kikao kikaendelea.

Akabaki jirani yetu, bibi mjane, aliyekuwa amekataa kutia saini. Tulikuwa tumeanza kumsema vibaya. Nikaenda kwake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mliniletea karatasi, hamkuniletea ramani."

Nikaitandaza mkekani. Kidole chake kilikwenda moja kwa moja kwenye shimo la choo, hatua chache kutoka kisimani kwake. Sisi sote tuliichungulia ramani ile mara nyingi, wala hatukukiona kisima, kwa kuwa hakikuchorwa.

Mchoraji amelihamishia shimo upande wa pili na kuyarudisha maduka nyuma. Yamebaki mawili. Bibi ametia dole gumba, na faili limepelekwa Jumatatu likiwa na mihtasari, saini za warithi, vipimo vilivyoanzia kwenye jiwe, na ramani yenye kisima. Ijumaa hii, baada ya swala, kamati inakutana kutafuta namna ya kuwalipa walimu kwa kodi ya maduka mawili badala ya manne.