Umeme wa jua usiwe neema ya wenye mapaa peke yao

Sifa njema zote zinamstahiki Allah (S.W.), Mola Mlezi wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba zake. Ama baada ya hayo.

Watu wa Unguja hawajausahau mwezi wa Mei 2008, pale njia ya umeme itokayo Bara kupitia chini ya bahari, kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, ilipoharibika, na kisiwa kizima kikakaa gizani hadi Juni. Msiba huo ulirejea Desemba 2009, na safari hiyo giza lilidumu takriban miezi mitatu, hadi Machi 2010. Pampu zilisimama na maji yakawa ya kutafutwa kwa ndoo. Mwenye uwezo aliwasha jenereta. Asiyenacho alirudi kwenye kibatari. Waya mpya wa megawati 100 ulizinduliwa mwaka 2013, nasi tunashukuru. Hata hivyo, nyumba yenye mlango mmoja, siku mlango huo ukikwama, wote waliomo hukwama nao.

Ndiyo maana tunafurahi kuona paneli za jua zikiwekwa juu ya majumba na misikiti. Jua ni miongoni mwa ishara ambazo Allah (S.W.) anatuzindua kwazo katika Suratu Yunus, aya ya 5. Wapo watakaosema kuwa haya ni mambo ya serikali na wahandisi. Sisi tunasema kuwa ndani yake mna mizani, uhai wa watu na haki ya maskini, na hayo ni mambo ya dini.

Kwanza, mizani. Katika gridi, umeme unaozalishwa sharti ulingane na unaotumika katika kila nukta. Jua hutoa kwa wingi karibu na Adhuhuri, ilhali majumba yetu huhitaji umeme zaidi baada ya Magharibi. Kwa hiyo paneli peke yake hazitoshi. Zahitajika betri za kuhifadhi, mitambo inayoweza kuongezwa na kupunguzwa haraka, na desturi ya kufanya mchana kazi zinazoweza kufanywa mchana, kama vile kujaza matangi ya maji.

Pili, uhai. Inveta iliyounganishwa na gridi hutakiwa kuacha kupeleka umeme nje mara gridi inapozimika, ili fundi aliye juu ya nguzo asalimike. Anayeunganisha jenereta au betri na nyaya za nyumba bila swichi ya kuzitenga na gridi, aweza kumuua fundi anayeamini kuwa waya hauna umeme. Kanuni ya fikihi inayokataza madhara haimwachii mtu huyo udhuru.

Tatu, haki. Mtume (S.A.W.), katika hadithi aliyoipokea Abu Daud, amewafanya Waislamu kuwa washirika katika maji, malisho na moto. Tajiri akiweka paneli hununua umeme kidogo, lakini nguzo na transfoma bado zinahitaji matunzo. Je, gharama hiyo imwangukie mjane aliyepanga chumba kimoja, asiye na paa lake? Kenya, kwa Sheria ya Nishati ya mwaka 2019, imeweka njia ya mtumiaji kuingiza ziada yake katika gridi na kuhesabiwa. Utaratibu wa namna hiyo ni mwema, maadamu bei haimdhulumu mwenye paneli wala asiyekuwa nazo.

Tunaziusia kamati za misikiti zianze. Swala ya Ijumaa huwakuta watu wengi, feni na vipaza sauti vikifanya kazi, wakati ule ule jua likiwa kali. Mwenye uwezo na aweke wakfu paneli na betri, na pamoja nazo fungu la matengenezo, kwani betri huchoka mapema kuliko paneli. Siku gridi itakapozimika, msikiti uwe mahali pa jirani kuchota maji na kuchaji simu, awe Mwislamu au asiwe. Na majumbani tuepuke israfu. Taa inayowaka chumba kitupu huila haki ya mwingine.

Tunamuomba Allah (S.W.) atujaalie kuzitumia neema zake kwa uadilifu. Wabillahi tawfiq.