WATOTO WAPIMWE, WASIFICHWE

Katika kata ya Kawetele, kama ilivyo kwingineko wilayani Rungwe, mtoto hujifunza kazi kabla hajajua kuandika. Huosha vyombo, humenya ndizi, na hubeba ndoo ndogo ya maji akipanda kilima chenye utelezi wa mvua. Asiyeyaweza mambo hayo kwa umri wake hutambulika upesi. Linalosikitisha ni yale yanayofuata: mara huitwa mvivu, mara husemwa amerogwa, na wakati mwingine hufungiwa ndani wageni wasimwone.

Wapo wataalamu wa tiba kwa vitendo, ambao chuo cha KCMC mjini Moshi kilianza kuwafundisha mwaka 1998. Mtaalamu huyo hatosheki na kulijua jina la ugonjwa. Huchunguza mtoto anaweza kufanya nini, anashindwa wapi, na kwa sababu gani. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo aweza kushindwa kuandika kwa kuwa hawezi kuketi wima, wala si kwa kukosa akili. Akipata kiti kinachomshika kiuno, miguu ikakanyaga chini, mkono nao hupata nafasi ya kufanya kazi. Asipopimwa, huhesabiwa mjinga maisha yake yote.

Lakini upimaji wenyewe nao hauna budi kuwa wa haki. Vipimo vingi vya fani hii vilitungwa Ulaya na Marekani. Mtoto wa Kawetele anayekula kwa mkono akishindwa kutumia uma, hilo si kosa la vidole vyake. Ng'ambo ya mto Songwe, nchini Malawi, jambo hilo lilishughulikiwa. Kipimo kilichochapishwa mwaka 2010 kilijaribiwa kwa watoto zaidi ya 1,400 wa vijijini, ili kilingane na maisha yao. Huko Kilifi, Kenya, nako kilitengenezwa kipimo cha namna hiyo. Watoto wa Rungwe wanastahili kupimwa kwa ndizi, ndoo na kilima wanavyovijua.

Hapa ndipo wajibu wa mwalimu unapoanza. Mwalimu si tabibu, wala asitoe hukumu ya tabibu. Kazi yake ni kutazama na kuandika: mtoto anashikaje kikombe cha uji, anavaaje sweta, anachezaje na wenzake, anafikaje chooni. Maelezo hayo machache yatamsaidia mtaalamu kuliko neno "mzito" lililoandikwa katika ripoti. Mzazi naye aitwe kwa heshima, asilaumiwe.

Watumishi wa afya, elimu na ustawi wa jamii nao wakumbuke kwamba Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inalinda haki ya mtoto huyo ya kupata elimu na matibabu. Haki hiyo haitimii iwapo mama lazima aache shamba la chai na kutafuta nauli ya Mbeya, akizungushwa ofisi hadi ofisi. Inafaa idara hizo zifike katani kwa pamoja, kwa siku inayojulikana, na zirudi kuona maendeleo. Kumpima mtoto kisha kumsahau ni kumwongezea mzazi uchungu.

Samaki mkunje angali mbichi. Kila mwaka unaopita bila mtoto kupimwa ni mwaka ambao hautarudi.