Tarakilishi za Idara na Nguo ya Kuazima

Wahenga walinena kuwa nguo ya kuazima haisitiri maungo. Methali hii yafaa kukumbukwa na kila idara ya Kiswahili inayoteua mfumo endeshi wa tarakilishi zake.

Tarehe 14 Oktoba 2025, kampuni ya Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida kwa Windows 10. Windows 11 nayo hudai vichakataji vipya, hivyo tarakilishi nyingi ambazo zingali zinachapa tasnifu bila kasoro huhesabiwa kuwa kuukuu. Linux, ambayo kiini chake kilianzishwa na Linus Torvalds mwaka wa 1991, haidai ada ya leseni, na matoleo yake mepesi huzihuisha mashine hizo.

Kwa seva inayohifadhi tasnifu na data za utafiti, Debian yatosha. Kwa tarakilishi za mezani, busara yahitajika: mhadhiri ambaye programu yake hufanya kazi katika Windows pekee asilazimishwe kuhama.

Hata hivyo, hoja nzito kwa wanaisimu ni lugha. Microsoft pia iliifasiri Windows kwa Kiswahili, lakini kauli ya mwisho kuhusu istilahi ni yake. Programu huria humruhusu yeyote kuifasiri na kuisahihisha. Ndivyo wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walivyoweza kutoa Jambo OpenOffice mwaka wa 2004. Idara zetu ziteue mifumo huria, kisha ziwape wanafunzi jukumu la kuifasiri. Vinginevyo, istilahi tunazofundisha zitabaki madaftarini.