Kifaa kisichopimwa hakiokoi mutu

Bandugu wachimbaji, na ninyi bamama munaowangojea ku nyumba, tuseme wazi: kifaa kisichopimwa ni uzito tu mu mukaba.

Kila asubui tunashuka na taa na kile kisanduku cha kupumulia. Mu migodi mingine waliongeza kifaa cha kuonyesha mahali mutu iko. Vizuri. Lakini nani alikipima, na alikipimia wapi? Kule juu ku ofisi kila kitu kinalia sawasawa. Chini iko mambo mengine. Jiwe linazuia mawimbi: telefone ya mufukoni haipati rezo, wala satelite haikuoni. Vifaa vya chini vinategemea nyaya na antene zilizopangwa mu njia za mugodi. Mwamba ukizikata, mutu anafinya bure. Batri ikiisha, kimya vilevile.

Tukumbuke Sago, mu Virginia ya Magharibi, kule Marekani. Tarehe 2 Januari 2006 mugodi wa makaa ulilipuka, wachimbaji 13 wakabaki chini. Walipiga vyuma vya dari na nyundo ili watu wa juu wasikie. Hakuna aliyewasikia. Wakombozi waliwafikia nyuma ya masaa zaidi ya 40: mumoja tu alikuwa muzima. Huyo alisema vifaa 4 vya kupumulia vilikataa kufanya kazi. Wachunguzi wa serikali walisema vifaa viliweza kutoa hewa. Kwa sisi, shida ni ileile: kifaa ambacho mutu hawezi kukitumia mu moshi na giza ni sawa na kifaa kilichokufa.

Na familia? Walikuwa wanangojea mu kanisa, wakaambiwa watu 12 ni wazima. Wakaimba, wakakumbatiana. Nyuma ya karibu masaa 3 wakaambiwa kweli. Habari nayo ni musaada wa kuokoa maisha, na siku ile ilivunjika.

Mwaka uleule Marekani ikatoa sheria mupya: kampani ziliwekewa miaka 3 kupanga mawasiliano yasiyo na nyaya na chombo cha kufuata watu chini. Sheria ilikuja nyuma ya maiti.

Hapa kwetu, karibu na Kolwezi, tarehe 27 Juni 2019, udongo uliangukia wakrezere. Hesabu ya wafu ilipanda siku kwa siku mpaka 43. Mukrezere anayeingia kwa kujificha hana kifaa, wala jina lake haliandikwi popote. Nani atajua kama iko chini?

Juu ya ile tunaomba mambo 3. La kwanza, vifaa vipimwe palepale chini, kila juma, delege wa wafanyakazi akiona na macho yake. La pili, mazoezi ya kweli mu giza, si karatasi ya kusaini tu. La tatu, ubao wa jeto ku mulango: ukishuka unatundika namba yako, ukitoka unaiondoa. Jeto ikibaki ku ubao, mutu iko chini. Ile haiombi batri wala rezo. Hata koperative ya wakrezere inaweza kuitengeneza kesho, na mbao na misumari.

Wakubwa watasema bei ni kali. Musumari ni bei gani?

Mama, leo mangaribi muulize baba batoto: kisanduku chako kilipimwa siku gani? Kama hajui, kesho amuulize shefu wake. Amuulize mbele ya kushuka, si nyuma.