"Chuo kimeidhinishwa na serikali" maana yake nini hasa? Kisa cha chuo cha saikolojia ya kiroho California

Ukiona tangazo la chuo limeandikwa "kimeidhinishwa na serikali", unaelewa nini? Wengi wetu tunaelewa kwamba shahada yake itakubalika popote. Kumbe si lazima iwe hivyo.

Mfano mzuri uko Marekani. Katika jimbo la California kuna chuo binafsi, University of Santa Monica, ambacho kwa miaka mingi kilitoa shahada ya uzamili ya saikolojia ya kiroho. Kilikuwa na kibali cha jimbo. Ithibati hakikuwa nayo. Ni vitu viwili tofauti, na tofauti hiyo ina gharama kwa anayelipa ada.

Kilianzaje?

Chuo kilianzishwa mwaka 1976 kwa jina la Koh-e-nor University. Mwanzilishi wake ni John-Roger, mtu yule yule aliyeanzisha harakati ya kiroho ya Movement of Spiritual Inner Awareness, MSIA kwa kifupi. Alifariki Oktoba 2014. Walioongoza masomo kwa miongo kadhaa ni Ron Hulnick na mkewe Mary.

Kinachofundishwa si saikolojia ya maabara. Msingi wake ni kwamba binadamu ni roho inayopitia maisha ya duniani, na kwamba hasira, hatia na majeraha ya zamani ni nafasi ya kujifunza. Mwanafunzi anafanya mazoezi ya kujisamehe na kusikiliza wenzake kwa moyo. Masomo yalipangwa wikendi, kwa hiyo mtu mwenye kazi na familia aliweza kusoma.

Wengi waliojiunga hawakuwa wanatafuta ajira. Walitaka kujielewa. Hilo si kosa. Swali ni moja tu: karatasi wanayopewa mwishoni ina uzito gani?

Kibali ni kimoja, ithibati ni nyingine

Marekani, serikali kuu haisajili vyuo. Kila jimbo linatoa kibali chake. Kibali cha California kinaangalia zaidi ulinzi wa mteja: chuo kina uwezo wa kufundisha kinachoahidi? Kinarudisha ada mwanafunzi akijitoa? Kinasema ukweli kwenye matangazo? Upo hata mfuko maalumu wa kuwafidia wanafunzi chuo kikifungwa ghafla.

Ithibati ni jambo lingine. Inatolewa na vyombo vya vyuo vyenyewe, vinavyotambuliwa na wizara ya elimu ya Marekani. Wanakuja wahadhiri kutoka vyuo vingine na kukagua kila kitu: walimu, maktaba, fedha, uongozi, na ushahidi kwamba wanafunzi wanajifunza kweli. Ni kazi ya miaka, na inakula pesa.

Bila ithibati, mambo matatu yanakubana. Kwanza, hupati mkopo wa serikali kuu ya Marekani. Pili, ukitaka kuhamia chuo kingine, wanaweza kukataa masomo uliyokwisha kusoma. Tatu, mwajiri au bodi ya leseni nje ya jimbo inaweza kuisukuma pembeni shahada yako.

California yenyewe iliongeza utata. Sheria zake ziliruhusu mtu mwenye shahada ya chuo kilichoidhinishwa na jimbo tu kuomba leseni ya ushauri wa ndoa na familia, mradi masomo yake yatimize masharti. Yaani ndani ya California mlango unaweza kuwa wazi, ukivuka mpaka wa jimbo ukaufunga.

Jimbo lenyewe liliyumba

Miaka ya 1970 na 1980 California ilikuwa legevu mno. Kulikuwa na ngazi ya chini kabisa ya usajili ambapo chuo kilihitaji kuonyesha mali ya dola 50,000 tu. Vyuo vya mfukoni vikaota kama uyoga, na jimbo likapata sifa mbaya ya kuwa makao makuu ya vyeti vya kununua. Mwaka 1989 wabunge walipitisha sheria ya kukaza kamba.

Halafu likatokea jambo la kushangaza. Sheria iliyounda ofisi ya kusimamia vyuo binafsi ilifika ukomo katikati ya mwaka 2007 bila nyingine kuchukua nafasi yake. Ofisi ikafa. Ofisi mpya ilianza kazi Januari 2010. Kwa takriban miaka miwili na nusu, chuo kiliweza kusema "tumeidhinishwa" wakati ofisi iliyokiidhinisha haipo tena.

Pigo kubwa lilikuja mwaka 2014. Sheria mpya iliamua kwamba vyuo binafsi vinavyotoa shahada lazima viwe na ithibati kufikia Julai 2020. Shule za dini zilibaki na msamaha wao, lakini kwa shahada za dini tu. Kwa wengine ujumbe ulikuwa mfupi: pata ithibati au acha kutoa shahada.

University of Santa Monica leo inatoa programu zinazoishia kwa cheti, si shahada.

Je, tatizo lilikuwa neno "kiroho"?

Hapana. Jimboni humo humo, California Institute of Integral Studies ya San Francisco, iliyoanza mwaka 1968 na msomi wa Kihindi Haridas Chaudhuri, ilipata ithibati mwaka 1981. Chuo cha saikolojia ya aina hiyo kilichoanzishwa Palo Alto mwaka 1975, sasa Sofia University, nacho kilipata. Huko Colorado kuna Naropa, chuo chenye mizizi ya Kibudha, kilichopata ithibati mwaka 1986.

Kwa hiyo wakaguzi hawakatai roho. Wanachodai ni mfumo unaoweza kukaguliwa na watu wa nje.

Na kusema haki, kuacha shahada kunaweza kuwa uamuzi wa kweli zaidi. Anayetafuta uponyaji wa ndani hahitaji herufi mbili mbele ya jina. Kilichokuwa na hatari ni mchanganyiko ule: safari ya ndani inayouzwa na shahada ya nje, halafu mnunuzi anaachiwa mwenyewe kutafsiri neno "imeidhinishwa".

Linatuhusu vipi?

Siku hizi shahada ya California inasomwa ukiwa umekaa Mwanza au Nakuru, kwa simu. Lakini ukirudi na cheti chako, Tanzania kuna TCU inayotathmini shahada za nje, na Kenya kuna CUE. Tangazo la chuo halitawatosha. Wataangalia nani alikitambua huko kilikotoka.

Kabla hujatuma ada, uliza mambo manne:

- Chuo kina ithibati, au kibali tu? Na ithibati imetolewa na nani?
- Chombo hicho kinatambuliwa na wizara ya elimu ya nchi hiyo? Wapo wanaojipa ithibati wenyewe.
- Kibali ni cha sasa, au ni cha zamani?
- Shahada hii inaniruhusu kufanya kazi gani, na wapi?

Jibu lisikilize kwa makini. Ukiuliza "mna ithibati?" ukajibiwa "tumeidhinishwa na serikali", jua hujajibiwa.