Hao Farasi 300 Ni wa Karatasi

Leo nitawaudhi wachache, lakini heri niseme. Ukiwa na Volkswagen Golf GTI hapa Nairobi, lazima umeshaambiwa kwamba gari lako "limefungwa" na kwamba kuna jamaa mwenye laptopu anayeweza kulifungua kwa nusu saa. Unaingia na farasi 220, unatoka na farasi 300, unapewa karatasi yenye grafu, unaipiga picha na kuituma WhatsApp. Mimi kazi yangu ni kuandika programu. Mchana kutwa nabadilisha vitu ambavyo watu wanavitumia, na sharti la kazi ni kwamba visianguke. Nikitazama jinsi magari haya yanavyobadilishwa, naona mambo ambayo hayangekubaliwa hata kwenye tovuti ya kuuza viatu.

Wapenzi wa Subaru msianze kuchekelea. Haya yote yanawahusu pia. Nimechukua Golf kwa sababu ndilo gari ninalolifahamu vizuri: kizazi cha saba, injini ya lita 2.0 yenye tabo, giaboksi ya DSG ya gia 6, ambalo wengi tumeliagiza kutoka Japan. Kiwandani lilitoka na farasi 220 na nguvu ya msokoto ya nyutoni mita 350. Na naongea juu ya gari la kila siku. Lile la kupeleka watoto shule, kusimama kwenye foleni ya Waiyaki Way saa nzima, na Desemba kwenda ushago na mizigo hadi dirishani. Kama una gari la pili la mashindano, hilo lichome utakavyo.

Kwa wasiojua, tabo ni feni mbili kwenye mhimili mmoja. Moja inazungushwa na moshi unaotoka, ya pili inasukuma hewa kuingia kwenye injini. Hewa ikiwa nyingi, petroli inakuwa nyingi, nguvu inapanda. Kinachoamua ni kiasi gani ni kompyuta ya injini, na kompyuta ina faili la namba: kwa mzunguko huu na mguu huu, taka shinikizo hili, washa cheche wakati huu. Kulifungua gari maana yake ni kuandika namba nyingine. Hakuna uchawi. Ndiyo maana inanikera inapouzwa kama uchawi.

Sasa sikilizeni jambo ambalo sijawahi kumsikia muuzaji wa faili akilitaja. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari. Shinikizo la hewa hapa ni kilopaskali 82 hivi, wakati Mombasa ni 101. Gari lisilo na tabo likipanda kutoka Mombasa linaacha karibu moja ya tano ya nguvu zake njiani. Gari lenye tabo haliachi nyingi hivyo, kwa sababu kompyuta inaona hewa ni nyepesi na kuiambia tabo iongeze bidii. Tuseme kompyuta inataka kilopaskali 180 ndani ya injini. Mombasa tabo inazidisha hewa mara 1.8. Nairobi, kupata zile zile 180, inabidi izidishe mara 2.2. Yaani feni inazunguka kasi zaidi na hewa inatoka moto zaidi. Nimepiga hesabu nikichukua tabo yenye ufanisi wa asilimia 70 na hewa ya nyuzi 25 inayoingia: Mombasa hewa inatoka kwenye feni ikiwa na nyuzi 103 hivi, Nairobi karibu nyuzi 133. Nyuzi 30 zaidi, na hapo hujagusa kitu, gari ni kama lilivyotoka kiwandani.

Sasa chukua faili lililoandikwa Ulaya, katika mji ulio karibu na usawa wa bahari, linalotaka kilopaskali 240. Kule tabo inazidisha mara 2.4. Hapa ni karibu mara 3. Kifeni kile kidogo cha GTI kinakimbizwa nje ya eneo lake, kinapuliza hewa ya moto badala ya hewa nyingi, na wewe umeshika usukani unasema "aisee, inavuta!" Inavuta kweli. Swali ni kwa muda gani.

Na ile karatasi? Mashine ya roli inayopima nguvu huwa na hesabu ya kusahihisha hali ya hewa, ili namba za miji tofauti zilinganike. Hesabu hiyo ilitengenezwa kwa injini zisizo na tabo, zinazopoteza nguvu kadiri unavyopanda mlima. Kwa shinikizo la Nairobi, inaongeza asilimia 25 hivi. Gari lenye tabo halijapoteza kiasi hicho, lakini nalo linaongezewa vile vile! Peleka farasi 220, usibadilishe hata plagi, mashine ikiwa imewekwa hivyo itakuchapia karibu 275. Kisha mtu anakutoza kwa hizo 55. Ukienda kupima, uliza namba ambayo haijasahihishwa, na upime kabla na baada, mashine ile ile, siku ile ile. Fundi akikasirika kwa swali hilo, ameshajibu.

Halafu kuna suala la petroli. Faili lolote limeandikwa kwa okteni fulani. Japan kiwango chao cha petroli ya premium ni okteni 96 kwenda juu, na waandishi wengi wa Ulaya wanapiga hesabu kwa 98. Okteni ikiwa chini ya hapo, mchanganyiko unalipuka wenyewe kabla ya wakati, injini inagonga, sensa inasikia, kompyuta inachelewesha cheche ili kujiokoa. Ukichelewesha cheche, nguvu ulizonunua zinarudi dukani na joto linabaki kwako. Wewe unaweza kuwa mwaminifu wa pampu moja ya petroli nzuri mtaani kwako. Je, ukiwa Voi usiku na taa ya mafuta imewaka? Gari la kila siku linakunywa linachokipata. Faili lake liandikwe hivyo, likiwa na nafasi ya kupumua, hata kama namba ya WhatsApp itapungua.

Nilikaa juzi juzi na rafiki ambaye gari lake "lilifunguliwa" kwenye gereji moja, sitaitaja. Tukachomeka kifaa kwenye soketi ya OBD chini ya usukani, tukaenda na kurudi Thika Road tukirekodi. Kompyuta inataka shinikizo, shinikizo halifiki. Inaomba zaidi, bado halifiki. Tabo inahangaika kama mtu anayejaza pipa lililotoboka. Kibano cha bomba la hewa kwenye intakula kilikuwa kimelegea, hewa inatoroka. Kibano! Hakuna aliyeangalia, kwa sababu kuangalia hakuuziki. Na alipoomba arudishiwe faili lake la kiwandani, akaambiwa halikuhifadhiwa. Hapo ndipo nilipopandwa na hasira ya kuandika makala hii. Katika kazi yetu, mtu anayeandika juu ya mfumo unaotumika bila kuchukua nakala ya ule wa zamani hapewi nenosiri tena. Hapa analipwa, anapigwa na picha.

Basi kama ni pesa yangu, na gari ni langu la kila siku, nitaanza na matengenezo yanayochosha. Samahani. Oili ya giaboksi kwanza. DSG hii ya gia 6 ina klachi zinazoogelea kwenye oili, na Volkswagen wenyewe wanataka oili na kichujio chake vibadilishwe kila kilomita 60,000. Waulize walioagiza magari yenye kilomita 70,000 kama yalibadilishwa, utaona wanavyotazama mbali. Pia kumbuka giaboksi hiyo ina kikomo chake cha msokoto, na injini tayari inatoa nyutoni mita 350. Kiwanda hakikuacha mkate wa bure mezani kama unavyoambiwa. Wahandisi waliacha akiba kidogo ndani ya vyuma, na ukiongeza msokoto unakula akiba hiyo. Inawezekana kula kidogo kwa miaka mingi. Lakini anayekuuzia mlo bila kukuambia unatoka ghala gani ni mwongo.

Pampu ya maji na themostati kwenye injini hii viko ndani ya nyumba moja ya plastiki, na nyumba hiyo inajulikana duniani kote kwa kuvuja. Angalia kiwango cha maji kila wiki. Ukiona kinashuka, badilisha kabla hujanunua chochote chenye rangi ya kung'aa. Plagi mpya, na kama utaongeza shinikizo, mwanya wa plagi upunguzwe, karibu milimita 0.6 au 0.7, kwa sababu cheche inapata shida kuruka kwenye hewa iliyoshindiliwa. Mabomba yote ya hewa yajaribiwe kwa moshi ili uone yanapovuja. Hii ni kazi ya asubuhi moja na haimpi mtu picha yoyote.

Breki na tairi zinafuata. Nishati ya gari inapanda kwa mraba wa kasi. Kutoka 100 hadi 120 kwa saa ni asilimia 20 ya kasi lakini asilimia 44 ya nishati, na yote hiyo lazima igeuke joto kwenye diski ukikuta lori limesimama kwenye mteremko wa Mai Mahiu. Maji ya breki hufyonza unyevu wa hewa, na yenye unyevu huchemka mapema. Ukikanyaga wakati huo pedali inakwenda hadi sakafuni kama sponji. Badilisha kila miaka 2, ni bei ya nyama choma ya watu wanne. Tairi nazo zina tarakimu 4 ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Gari likifika kutoka Japan na tairi zenye gamba nzuri, soma hizo namba kabla hujafurahi. Mpira unazeeka hata kama haukutembea.

Baada ya hapo ndipo intakula kubwa zaidi. Ukiniuliza ni kifaa kipi kimoja kinafaa mji huu kuliko mahali pengi, ni hiki, kwa sababu ya zile nyuzi 30. Hakiongezi kelele, hakiongezi namba kubwa kwenye karatasi. Kinachofanya ni kwamba mvuto wa tano wa kupita malori pale Salama uwe sawa na wa kwanza. Hiyo ndiyo nguvu unayoweza kuitegemea.

Na mwisho faili. Ndiyo, sikusema usifanye. Tafuta mwandishi anayejulikana, faili la hatua ya kwanza lililo la upole, lililopunguzwa kwa ajili ya mwinuko na petroli yetu. Masharti yangu kwa fundi: kwanza asome faili la kiwandani na akupe nakala. Pili, chaja iwe kwenye betri wakati wa kuandika, maana umeme ukishuka katikati kompyuta inaweza kufa na gari likawa sanamu. Tatu, mrekodi data kabla na baada: shinikizo linalotakiwa na linalopatikana, joto la hewa, na cheche inacheleweshwa kiasi gani kwenye kila silinda. Asiyeweza kukuonyesha data anakuuzia imani.

Sasa vile vitu vingine. Kichujio cha hewa cha koni kilicho wazi ndani ya boneti kinavuta hewa ya moto, na vingi vyake vinapitisha vumbi zaidi kuliko cha karatasi. Kwa barabara zetu za murram hiyo ni msasa unaoupulizia kwenye feni ya tabo. Visanduku vidogo vinavyochomekwa kwenye sensa ya shinikizo kazi yake ni kuidanganya kompyuta kwamba shinikizo ni dogo. Nimefanya kazi na mifumo inayopewa data ya uongo, huwa haina mwisho mzuri. Na zile risasi za "pa-pa-pa" ukiachia mguu? Hiyo ni petroli yako inayochomwa ndani ya bomba la moshi kwa makusudi, inachoma kataliti na gurudumu la tabo, ili mtu wa matatu ageuke. Tena NEMA ina kanuni za kelele tangu 2009, ingawa hilo naona haliwatishi.

Jambo dogo la bima: waandikie kwamba umebadilisha gari, kabla ya ajali, na uwe na barua yao. Ukinyamaza unawapa sababu ya kukataa kulipa.

Najua kuna watakaoniambia gari lao lina hatua ya pili, bomba wazi, na limefika kilomita 40,000 bila shida. Vizuri. Nitumieni logi basi, si picha. Nikipata nafasi wiki ijayo nitaandika jinsi ya kurekodi hizo data kwa simu ya Android na kifaa cha Bluetooth, hatua kwa hatua, hata kwa asiyejua boneti inafunguliwa wapi.