Utani Usiojibika

Ni nadra kulifungua gazeti la Kiswahili, liwe la bara au la visiwani, usiikute pembe ya vituko. Humo hulazwa mbuzi aliyetafuna noti za mahari, bwana harusi aliyeingia mitini siku ya kufunga ndoa, na kijiji kilichokesha kikipiga makopo kumfukuza jini. Msomaji hucheka, muuza maandazi akafungia maandazi kwa karatasi ile ile, na kadhia ikaisha. Imekwisha kwa msomaji. Haikwisha kwa mwenye mbuzi. Huyo hakuulizwa lolote, na kesho sokoni ndiye atakayeitwa kwa jina la mnyama wake. Hapo ndipo penye ubaya, na ubaya huo si mdogo kama wahariri wapendavyo kudhani.

Wala tatizo si kicheko. Watu wa pwani hawajapata kuwa maadui wa kicheko, na Waswahili na jirani zao wa bara wanao utani, ambao ni taasisi kongwe yenye kanuni zake. Babu humwita mjukuu wake wa kike mke, na yule mtoto naye humjibu kuwa hataki mume asiye na meno. Wahehe na Wangoni, waliopigana vita vikali katika karne ya 19, leo ni watani. Penye msiba mtani huweza kujitupa kaburini akagoma kutoka hata apewe chochote, na wafiwa wakacheka machozi yakiwa bado mashavuni. Kanuni ya kwanza ya utani ni kwamba anayetania leo atataniwa kesho. Kanuni ya pili ni kwamba mtani huijua nyumba anayoicheka, na siku ya shida yeye ndiye wa kwanza kushika jembe. Pembe ya vituko imechukua kicheko cha utani ikaliacha deni lake. Ni mfano wa mtu anayekula karamu za wenziwe mwaka mzima, ilhali kwake hapajapikwa hata uji.

Ushahidi upo, na ulio mashuhuri kuliko wote ni ule wa Kashasha. Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya bweni ya wasichana huko Kashasha, karibu na Bukoba, wanafunzi watatu walianza kucheka wasiweze kujizuia. Kabla ya shule kufungwa tarehe 18 Machi, wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wameshikwa. Ikafunguliwa Mei, ikafungwa tena Juni. Na hali ile ikaenea hata Nshamba, ambako watu 217 walipatwa. Tangu siku hizo dunia haijaacha kuisimulia habari hii kama mzaha: Watanganyika, wanaambiwa watu, walicheka miezi mfululizo bila ya kupumua! Kuna vitabu, vipindi vya redio na makala za kila lugha zinazoirudia, na kila inaporudiwa kicheko hurefuka.

Lakini madaktari wawili, Rankin na Philip, walikwenda wakatazama, wakaandika mwaka 1963. Waliyoyaandika si ya kuchekesha. Kicheko kilichanganyika na kilio, na mahangaiko, na hofu ya kufukuzwa na kitu kisichoonekana. Kilimshika mtu kwa saa chache au siku kadhaa, siku 16 kwa aliyezidi, kikamwachia, kisha huenda kikamrudia. Hawakupata sumu wala kijidudu. Walimu hawakushikwa, walioshikwa ni watoto. Nchi ilikuwa imepata uhuru wiki saba tu kabla yake, na watoto hao walikuwa kati ya matarajio ya wazazi wao na amri za shule ya misheni. Mtu mwenye akili angeuliza: je, mabinti hawa walikuwa wanasema nini kwa kicheko ambacho hakikuwa na furaha ndani yake? Safu za vituko hazikuuliza. Zilisikia neno kicheko, zikaona limetosha.

Ndivyo ilivyokuwa pia mwaka 1995, habari za popobawa zilipotanda Pemba na Unguja. Waandishi wa mbali walichora popo mwenye jicho moja, wakacheka wakaondoka. Ni wachache waliotua kuuliza kwa nini hofu ile iliwashika watu mwaka ule hasa, mwaka wa uchaguzi wa kwanza tangu kurudishwa kwa vyama vingi, na watu wamelalaje usiku katika miji ambayo jirani alianza kumwogopa jirani. Jini lilipewa nafasi gazetini. Waliokesha vibarazani hawakupewa.

Kinyume chake, msomaji na amtazame jogoo mmoja wa Ufaransa. Aliitwa Maurice, naye aliishi katika kisiwa cha Oléron. Wageni waliokuwa na nyumba ya mapumziko jirani naye walichukizwa na kuwika kwake alfajiri, wakamfikisha mahakamani. Magazeti ya dunia nzima yalicheka, na kwa hakika jambo lenyewe lachekesha. Ila tofauti ni hii: jogoo yule alikuwa na wakili. Mwenyewe alisikilizwa, jirani wakasikilizwa, na Septemba 2019 mahakama ya Rochefort ikaamua kuwa Maurice ana haki ya kuwika, na walalamikaji wamlipe mwenyewe fidia ya yuro 1,000. Januari 2021 Ufaransa ikatunga sheria ya kulinda sauti na harufu za mashamba kuwa ni urithi wa taifa. Kituko kilianza kwa kero ya usingizi kikaishia bungeni, kwa sababu anayechekwa alipewa nafasi ya kujibu. Jogoo wa Oléron alipata alichokikosa binti wa Kashasha.

Basi na aje sasa msomaji hadi Bweni, kijiji kilicho kaskazini ya mbali ya kisiwa cha Mafia, jirani ya Ras Mkumbi ulipo mnara wa taa uliojengwa na Wajerumani mwaka 1892. Wanawake wa Bweni wanasifika kwa mikeka. Mwanamke huchana ukindu, akautia rangi, akauanika juani; husuka ukili pima kwa pima, kisha akaushona hata ukawa mkeka. Mbuzi wa jirani, ambaye amezungukwa na majani kisiwa kizima, huyapita yote akaja kutafuna chane zilizotiwa rangi nyekundu. Mbuzi wa pili yumo jikoni: huyu ni wa chuma, mkunia nazi, asiyekula majani bali ncha za vidole, na njaa yake huzidi Ramadhani, wakati nazi tatu zinapotakiwa zikunwe kabla ya adhana ya magharibi. Upo mfuniko usioenea sufuria yoyote iliyomo nyumbani, lakini ole wake atakayethubutu kuutupa. Ipo redio inayoimba taarabu mchana kutwa bila ya kosa, ikaanza kukoroma pale tu unapofika utabiri wa hali ya hewa, ambao ndio mvuvi aliowashia redio.

Kero hizi haziandikwi popote, kwa kuwa si ajabu. Laiti mbuzi yule angetafuna noti badala ya chane, angekwisha kuwa mashuhuri. Na hili ndilo kosa la pili la wahariri wetu wa vituko: hudhani kuwa habari ni lile lisilotokea mara mbili. Ukweli ni kwamba linalotokea kila siku ndilo lenye uzito. Chane zilizotafunwa ni siku za kazi ya mwanamke zilizokwenda bure, na swali la nani amlipe nani ni swali la sheria lililo zito sawasawa na lile la Oléron. Redio iliyokoroma saa ya utabiri ni suala la uhai wa mtu aliye ndani ya ngalawa. Yachekwe, kila nyumba huyacheka. Lakini anayeyacheka ndiye aliyeyabeba, na kwa hiyo kicheko chake kina haki.

Tena kero ya nyumbani aghalabu ina nasaba ndefu kuliko inavyodhaniwa. Hapana mama wa Unguja, Dar es Salaam au Mombasa asiyemjua kunguru mwenye shingo ya kijivu, huyo aitwaye kurabu kwa Kimvita, anayeiba sabuni kisimani, samaki kaangoni na kifaranga mbele ya macho ya mamaye. Ndege huyu si mwenyeji. Aliletwa Zanzibar kutoka Bara Hindi katika miaka ya 1890, enzi ya Waingereza, ili asaidie kusafisha taka za mji. Akasafisha taka, kisha akasafisha na mayai ya ndege wa asili, akavuka bahari akaenea pwani nzima. Ilipofika Juni 2024 serikali ya Kenya ilitangaza kwamba inakusudia kuwaua kunguru milioni moja kabla ya mwaka kwisha. Idadi ile ilivitosheleza vichwa vya habari: nchi imetangaza vita na ndege! Watu wakacheka. Aliyeibiwa samaki kaangoni angeweza kuwapa habari iliyo bora zaidi, kwamba uamuzi wa ofisi moja wa zaidi ya miaka 100 iliyopita bado unalipwa jikoni kwake kila asubuhi, na kwamba aliyemleta kunguru hakuwahi kuulizwa na mwenye vifaranga. Kituko ni kile kile. Kilichopungua ni kumuuliza anayehusika.

Na Mafia yenyewe ina kesi yake. Jina la kisiwa hiki limekuwa mzaha wa bure kwa kila mwandishi mgeni anayeteremka Kilindoni: lazima aandike kuwa hakuwakuta majambazi wala bastola. Mzaha huo umekwisha ladha, na tena umepinduka miguu juu. Tarehe ya Kilwa, iliyoandikwa karne ya 16, inaitaja Mafia na watawala wake; neno la Kisicilia la wahalifu lilianza kujulikana katika miaka ya 1860. Basi kama yupo anayepaswa kuulizwa amelitoa wapi jina lake, si mtu wa Bweni.

Au mtazame papa potwe, samaki mkubwa kuliko samaki wote duniani, ambaye huja karibu na Kilindoni kuanzia Oktoba hadi miezi ya mwanzo ya mwaka. Kwa gazeti yeye ni dude la ajabu. Kwa mwenye boti ya watalii ni ada ya shule. Kwa mvuvi anaweza kuwa hasara ya wavu uliopasuka, maana papa huyu, asiyemla mtu, hufuata visamaki vidogo vile vile anavyovifuata mvuvi. Samaki ni mmoja, kauli ni tatu, na iliyochapwa ni moja tu, tena ya yule aliyemwona kwa nusu saa.

Lawama zisiishie kwa wahariri. Washairi nao wana fungu lao, na pengine ni kubwa zaidi. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, anasifiwa kwa kuutoa ushairi misikitini akaufikisha sokoni na nyumbani; vita, njaa, majirani na mambo ya unyumba vyote vilipita katika tungo zake. Na gazeti la Mambo Leo, lililoanza Dar es Salaam mwaka 1923, liliwafungulia watunzi kurasa zake. Desturi ya kurasa za mashairi ikakua hata ikawa baraza: aliyetungiwa alijibu katika toleo lifuatalo, kwa mizani na vina vile vile, na wa tatu akaingia kuwaamua. Huo ulikuwa utani kamili, wenye deni na malipo. Leo wengi wa watunzi wamebaki na mapenzi, na sifa za wakubwa, na tanzia. Wameona kunguru na mbuzi ni mambo ya chini ya hadhi ya vina vyao, wakaiachia pembe ya vituko milki ambayo ilikuwa yao. Mwenye shamba akilitelekeza, asimlaumu nguruwe.

Watakaopinga wanajulikana hoja yao: dunia imejaa mazito, waacheni watu wacheke kidogo. Hoja hii ingekuwa njema kama wanaochekwa na wanaocheka wangekuwa wanapokezana. Hawapokezani. Anayechekwa siku zote ni wa kijijini, ni mwanamke, ni mtoto wa shule, ni mwenye imani isiyoshabihiana na ya mhariri. Na mhariri mwenyewe, ambaye nyumbani kwake hapana shaka pana mfuniko usioenea sufuria, haonekani gazetini hata siku moja. Mzigo unaobebwa na upande mmoja hauitwi utani.

Dawa haihitaji sheria wala fedha. Atakayeandika kituko na amuulize mwenye kituko, aandike jibu lake, tena kwa herufi za ukubwa ule ule. Na amwachie nafasi toleo lifuatalo, ikiwa ataka kucheka naye kwa zamu yake. Washairi nao warudi kwenye chane zilizotafunwa na redio inayokoroma, wazitungie, wakubali kujibiwa na wenye mikeka na wavuvi ambao wanajua kupanga vina pia. Na asiyetaka kujibiwa, asianze utani.